Aliyeibiwa Ndiye Analala Ndani

Nairobi Half Life, filamu ya David "Tosh" Gitonga ya 2012, hapa Nakivale vijana wanaipendea bunduki na Sheng. Mimi naipendea dakika chache za mwanzo. Mwas anatoka kijijini, anafika Nairobi, anaibiwa kila kitu siku hiyo hiyo. Haendi kuripoti. Kabla hajajua hata kituo kiko wapi, anazolewa kwenye msako wa barabarani, na usiku yuko selo anasugua choo. Aliyeibiwa ndiye yuko ndani! Kwenye kibanda cha video watu walicheka sana, jamani.

Mkimbizi anaijua hesabu hiyo. Swali tunaloliogopa kituoni ni "karatasi zako ziko wapi?" Simu iliyoibiwa itaulizwa baadaye, kama itaulizwa. Ndiyo maana wengi tunaanzia kwa mwenyekiti wa RWC, na mara nyingi tunaishia hapo hapo. Ndugu zetu wa mashirika wakikuta daftari la kituo halina kesi, wasikimbilie kuandika kwamba kuna amani.

Ila Gitonga naye amejirahisishia kazi. Askari wake wanakula mgao na majambazi, mwisho wanatoa bastola. Sawa, wa hivyo wapo. Lakini tukishawachukia tunatoka kibandani tumetulia. Angeweka askari mmoja tu wa kuchukua kalamu na kuandika maelezo ya Mwas, bila kuomba kitu, angetusumbua zaidi, maana tungelazimika kuamua kama tunamwamini.