Amri Iliyovunjika: Uhakiki wa Tafsiri za Ujumbe wa Hitilafu katika Linux

Katika rasimu za tafsiri zinazohusu mfumo wa Linux limezuka fungu la maneno ambalo halina budi kuchunguzwa kabla halijaota mizizi, nalo ni "amri iliyovunjika". Mfasiri amekusudia kutaja amri ya mfumo ambayo haifanyi kazi. Lakini msomaji wa Kiswahili akikutana na amri iliyovunjika atauliza ni nani aliyeivunja, na amechukuliwa hatua gani. Katika lugha yetu amri hutolewa, hutiiwa, hutekelezwa, hubatilishwa au huvunjwa. Na kuivunja ni kuiasi. Kinachoharibika ni chombo.

Tatizo hili halikutokana na kitenzi peke yake, bali na dhana mbili kupewa jina moja. Mtu anapoandika ls ili aone orodha ya mafaili yake, ametoa amri. Kinachoitekeleza ni programu iliyohifadhiwa katika faili lenye jina hilo hilo, kwa kawaida ndani ya saraka ya /usr/bin. Kiingereza huviita vyote viwili kwa neno moja, nasi tumeiga bila kujiuliza. Tunapendekeza amri ibaki kuwa yale maneno anayoyaandika mtumiaji, na kile kinachoyatekeleza kiitwe programu. Hivyo tutasema kwamba amri haikutekelezwa kwa sababu programu imeharibika, na kila mtu ataelewa.

Jambo hili lingeweza kuachiwa wanaisimu lau kama kila mtumiaji wa Linux angeipokea ikiwa tayari. Wapo, hata hivyo, wanaoijenga wenyewe. Mradi wa Linux From Scratch, ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, una kitabu kinachomwongoza msomaji kuunda mfumo mzima kwa kukusanya programu moja baada ya nyingine kutoka katika maandishi yake ya asili. Ni kazi ndefu, na hitilafu ikitokea hakuna muuzaji wa kumlalamikia. Mjenzi hana mwongozo mwingine wa karibu ila ujumbe anaopewa na mashine.

Tuchukue hatua moja ambayo huwakwamisha wengi. Mjenzi anapaswa kuingia katika mfumo wake mpya kwa kutumia chroot, programu ambayo huifanya saraka moja ionekane kana kwamba ndiyo mzizi wa mfumo wote. Mashine inamjibu kwamba imeshindwa kuendesha /bin/bash, programu inayopokea amri za mtumiaji, kwa kuwa hakuna faili wala saraka ya jina hilo. Mjenzi anatazama: faili lipo, na ruhusa zake zimetimia. Analinakili upya. Jibu ni lile lile.

Ukweli ni kwamba programu nyingi za Linux hazijitoshelezi. Ndani ya kila moja mmeandikwa jina la programu nyingine ambayo lazima ipakiwe pamoja nayo, ili izikusanye maktaba inazozitegemea. Katika kompyuta za x86 za biti 64 jina hilo huwa ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Katika mfumo uliojengwa kwa kufuata kitabu tulichokitaja, jina hilo ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili halisi lililo katika saraka nyingine. Mjenzi akisahau kukitengeneza kiungo hicho, kinachokosekana si Bash. Lakini kiini cha mfumo hakisemi kwa maneno. Hurudisha namba 2, na namba hiyo ni ile ile, liwe limekosekana faili lenyewe au kile kinachopaswa kulipakia. Maneno huongezwa baadaye na maktaba ya lugha ya C, ambayo kwa namba 2 ina sentensi moja tu.

Hapa ndipo kazi ya mfasiri inapokuwa nzito. Anapewa sentensi moja isiyo na muktadha, nayo itasomwa mahali pengi asipopajua. Rasimu moja imeandika "Faili hilo halipo", nyingine "Faili halijapatikana". Hizi hazilingani hata kidogo. "Halipo" ni hukumu ya mwisho. "Halijapatikana" humfanya msomaji adhani kwamba mashine ingali inatafuta, na kwamba akivuta subira huenda likapatikana. "Halikupatikana" husema tu kwamba utafutaji ulifanyika na haukufaulu, pasipo kudai lolote juu ya kuwapo kwa kitu chenyewe. Tofauti hizi tumezirithi katika viambishi vyetu, na ni aibu kutozitumia. Tena neno "hilo" ni la hatari zaidi kuliko yote, maana humrudisha msomaji kwa jina lililotajwa kabla, yaani Bash, ambayo haina ubaya wowote. Tungependelea: "Faili au saraka inayohitajika haikupatikana."

Watungaji wa Bash wenyewe wameuona udhaifu huo. Toleo la 5.2, lililotoka mwaka 2022, linapokutana na hali hii husema kwamba programu haiwezi kuendeshwa kwa sababu faili linalohitajika halikupatikana. Programu ya chroot ingali inatumia sentensi ya zamani. Mfasiri anayeng'ang'ania neno kwa neno anaweza basi kuhifadhi kwa Kiswahili kasoro ambayo baadhi ya wenye maandishi ya asili wamekwisha kuiacha.

Ujumbe wa "Amri haikupatikana" ni wa namna nyingine, na tafsiri hiyo inatosha. Humaanisha kwamba Bash imetafuta katika saraka zilizoorodheshwa kwenye njia zake za utafutaji na haikuona programu ya jina lile. Yawezekana ipo, ila katika saraka isiyoorodheshwa. Ujumbe huu humpeleka fundi kwenye orodha ya njia. Ule wa kwanza ungempeleka, kama ungefasiriwa vema, akatumie readelf -l ili asome jina la kile kinachotakiwa kupakia. Rasimu zinazoandika "haipo" kwa zote mbili zimemnyang'anya alama pekee aliyokuwa nayo.

Hicho kinachopakia, wataalamu huita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mkalimani, na wafasiri wawili wamekwisha kuandika "mkalimani wa programu". Tunalikataa. Hakuna lugha inayofasiriwa hapo; kuna shehena inayopakiwa. Kiswahili cha bandarini kinajua kupakia na kupakua, na ngeli ya KI inapokea vyombo. Kipakizi kinafaa.

Kuhusu maktaba hatuna ugomvi, ijapokuwa wapo wanaoona kwamba neno hilo ni la jengo la vitabu tu. Tatizo ni "maktaba iliyoshirikiwa", muundo ambao hakuna Mswahili angeutamka bila kuwa na Kiingereza mbele yake. "Maktaba ya pamoja" ni wazi. (Hatuhitaji kufika hadi maktaba ya ujamaa.) Vivyo hivyo "ruhusa imekataliwa": sema "huna ruhusa".

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na karani akaweza kuandika barua kwa menyu za Kiswahili. Maneno ya karani yalipatikana. Fundi hajahudumiwa kwa kiwango hicho, na akipewa ujumbe wa Kiswahili unaompoteza zaidi kuliko wa Kiingereza, atauzima, wala hatutakuwa na hoja ya kumzuia.

Limebaki jambo dogo. Mjenzi akifaulu kuingia katika mfumo mpya kabla hajaunda faili la watumiaji, /etc/passwd, Bash humlaki kwa maneno ya mzaha, kwa nafsi ya kwanza, kwamba haina jina. Kitabu kinaeleza kuwa hali hiyo ni ya kawaida. Rasimu iliyo mbele yetu imeandika "Hitilafu: jina la mtumiaji halijulikani", na hivyo imebuni hitilafu pasipokuwa nayo. Iandikwe "Sina jina!"