Nani Ameshika Kamera? Fani na Dhamira katika Filamu ya "Megan Is Missing"

Kila aliyesoma nadharia ya fasihi mwaka wa kwanza anaujua ule mjadala wa zamani. Wapo waliosema fani na maudhui ni kama kikombe na chai iliyomo. Wapo waliowapinga wakasema hapana, ni sura mbili za sarafu moja, huwezi kuzitenganisha. Mimi nilikuwa naukariri mjadala huo kwa ajili ya mtihani tu. Likizo iliyopita, nyumbani, ndipo nilipoelewa ubishi wenyewe unahusu nini, na aliyenifundisha si kitabu bali filamu ya kutisha ya Kimarekani iliyokuwa ndani ya simu ya binamu yangu.

Filamu hiyo ni "Megan Is Missing", yaani Megan hajulikani alipo. Iliandikwa na kuongozwa na Michael Goi, ikapigwa picha mwaka 2006 kwa fedha kidogo na kutolewa mwaka 2011. Mwaka huo huo New Zealand waliipiga marufuku. Mwaka 2020 ikafufuka baada ya vijana kusimuliana kwenye TikTok jinsi ilivyowatisha, hata Goi mwenyewe akajitokeza kuwaonya wasiitazame peke yao usiku wa manane. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Megan ana miaka 14, rafiki yake Amy ana miaka 13. Megan anazoeana kwenye mtandao na kijana anayejiita Josh, ambaye eti kamera yake ni mbovu, kwa hiyo uso wake hauonekani. Anakwenda kukutana naye na harudi tena. Amy anahangaika kumtafuta rafiki yake, naye anachukuliwa. Yanayofuata sitayasimulia hapa.

Kwa upande wa fani, filamu hii ni ya aina ambayo nitaiita "mkanda uliookotwa". Msanii anajifanya hajatunga kitu. Eti mkanda umeokotwa mahali, nasi tunaonyeshwa kama ulivyo. Mbinu hii si ngeni. "Cannibal Holocaust" ya mwaka 1980 iliwachanganya watu kiasi kwamba mwongozaji wake, Ruggero Deodato, alilazimika kuthibitisha kule Italia kwamba waigizaji wake wako hai. "The Blair Witch Project" ya mwaka 1999 ilitumia intaneti kueneza habari kwamba wanafunzi watatu wamepotea kweli. Goi naye ameunganisha mazungumzo ya kompyuta, kamera ya Amy, kamera za ulinzi na taarifa za habari za televisheni. Hata sisi wa riwaya tunaijua hila hii kupitia riwaya za barua na za shajara, ambamo mtunzi hujificha nyuma ya karatasi za mtu mwingine.

Dhamira anayoidai msanii ni njema: kuwaonya wazazi na watoto juu ya warubuni wa mtandaoni. Swali la mhakiki ni moja. Je, fani aliyoichagua inaibeba dhamira hiyo? Mimi nasema haiibebi. Naomba nieleze nilivyofika hapo.

Kwetu ni kati ya Kahama na Geita, katika ukanda wa dhahabu. Huku kuna migodi mikubwa kama Bulyanhulu na ule wa Geita, halafu kuna maduara ya wachimbaji wadogo yasiyo na idadi. Mchana karasha zinasaga mawe, jioni vijana wanajazana banda umiza kutazama mikanda. Na banda, ndugu msomaji, lina utamaduni wake. Toka enzi za kina Lufufu filamu ya kigeni huwekewa mtafsiri anayeisimulia kwa Kiswahili, anacheka, anamsuta adui, anamwambia steringi akimbie. Filamu hii lakini haikupita bandani. Iliingia kwa simu, bila mtafsiri, bila mtu mzima, ikatazamwa chini ya shuka.

Nilipogundua kwamba binamu yangu na wenzake wawili, wote wa kidato cha pili, wameshaiona nusu na hawakuelewa Kiingereza chake vizuri, nikaona bora niitazame nao huku nikiwatafsiria, ili kama ni onyo basi liwafikie. Niliizima kabla ya sehemu ile ya mwisho. Lakini mazungumzo ya Josh niliyatafsiri. Jamani, hapo ndipo nilipotoka jasho! Namna anavyomsifu binti, anavyojifanya anamwelewa kuliko watu wote, anavyomvuta wakutane: yote hayo ilibidi yapite mdomoni mwangu, mimi mwanamume wa miaka 22, mbele ya watoto watatu. Na kwa Kiswahili hayakuwa tena maneno ya Los Angeles. Mmoja wao akasema, "Kaka, huyu si fataki tu?" Mwenzake akadakia, "Mbona anaongea kama fundi!" Wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla. Fundi ni bwana mmoja anayetengeneza simu pale senta, ambaye huwatumia vocha.

Tuanzie na neno fataki. Wengi wenu mnajua lilivyotokea: kuanzia mwaka 2008 hivi redio zetu zilirusha matangazo juu ya mtu mzima anayewanyemelea wasichana wa shule, na jina lake likageuka nomino ya kawaida. Yale matangazo yalikuwa na kitu ambacho filamu ya Goi haina. Fataki alichekwa, na kila mara alitokea mtu wa kuingilia kati. Kumbe hadhira ilifundishwa kazi ya kufanya. Katika "Megan Is Missing" hadhira haina kazi. Kwa kuwa mkanda "umeokotwa", yote yameshatokea na hakuna wa kuingilia. Mbaya zaidi, kuelekea mwisho kamera ya Amy inahamia mikononi mwa Josh. Tangu hapo tunawaona wale watoto kwa macho yake yeye. Hatuna macho mengine. Filamu inayodai kutuonya dhidi ya mtu fulani inamaliza kwa kutukalisha kwenye kiti chake. Fani imeisaliti dhamira.

Usaliti wa pili uko kwenye uso usioonekana. Josh anatisha kwa sababu hajulikani. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu watoto wa Tanzania ulionyesha kwamba wanaowadhulumu watoto kupitia mtandao mara nyingi ni watu ambao mtoto tayari anawafahamu. Hapa kwetu hilo halihitaji hata mtandao kueleweka. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 59 ya wanawake wa Shinyanga wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wakati huo Kahama na sehemu ya Geita ya leo zilihesabiwa humo. Basi mtu mzima anayemtaka binti wa miaka 14 si jini la kwenye kioo. Ana jina, ana salamu, pengine ana ng'ombe wa mahari. Ukimfundisha mtoto kumwogopa asiyeonekana, umemwacha wazi kwa anayeonekana kila siku.

Linganisha na "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Hii ni riwaya ya kanda yetu ya Ziwa, ya binti wa Ukerewe, nayo ilipigwa marufuku mashuleni kwa sababu ya mambo iliyoyaeleza waziwazi, kabla ya kuja kuruhusiwa. Kwa hiyo sitaki mtu aseme napinga filamu hii kwa kuwa inatisha au inaonyesha machafu. Kezilahabi naye hakututunzia aibu. Tofauti ni kwamba wanaume wanaomharibu Rosa ni watu wanaojulikana, na baba yake, Zakaria, anayempiga kwa ajili ya barua ya mvulana, ni sehemu ya mkasa. Na mwisho mwandishi anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu ili walaumiane. Unaweza kuukubali au kuukataa mwisho ule, lakini swali limeulizwa: nani alaumiwe? Goi hamfikishi mtu popote. Anatuachia hofu, basi.

Na hofu peke yake inazaa nini? Niliona mwenyewe. Nilipomweleza shangazi habari za vocha, alifanya kile kile alichofanya Zakaria: akamgeukia mtoto. Alimnyang'anya simu, akamgombeza mpaka usiku. Fundi hakuulizwa. Zilipita siku tatu, na maneno mengi ya bibi mmoja jirani, ndipo shangazi akajifunga kanga na kwenda serikali ya mtaa kumtaja anayetuma vocha. Binamu yangu aliniambia jambo moja tu: "Kaka, ningejua nitapigiwa kelele mimi, nisingecheka siku ile." Sina jibu la kumpa mpaka leo.

Kwa kumalizia, Goi amefaulu kuwaigizisha wasichana wake kama watoto halisi. Vicheko vyao na upweke wao vinaaminika, na ndiyo maana filamu inauma. Lakini kama onyo ameshindwa, kwa sababu kikombe alichochagua kimeibadili chai. Ushauri wangu kwa wenzangu mnaorudi makwenu likizo na simu zilizojaa filamu za namna hii: ukimkuta mdogo wako anaitazama, usimwache nayo, wala usianze na kuinyang'anya. Kaa, itafsiri, kisha nyamaza umsikilize. Wahadhiri wetu watanisahihisha kama nimeisoma fani vibaya. Uwanja ni wenu.