Kilo 90 za Jikoni

Wauzaji wa karavani, zile nyumba za kuvutwa na gari, hapa Perth wana mtindo mmoja: wanakufungulia mlango, wanawasha taa zilizo juu ya sinki, halafu wanasogea pembeni wakuache uhesabu makabati. Na mimi nikayahesabu. Kumi na moja. Jiko la plate nne, tatu za gesi na moja ya umeme, tanuri chini yake, maikrowevu juu, friji ya lita 188. Nikamwambia Baba Watoto kwamba hapa tumepata jiko linalolipita lile la nyumba yetu ya kwanza ya kupanga Tanga. Tukalipa.

Nilichopaswa kusoma kilikuwa nje, kwenye kibati kilichopigiliwa karibu na mlango. Kinasema karavani tupu ina kilo 2,150, na mwisho unaoruhusiwa kisheria ni kilo 2,600. Tofauti ni 450. Matangi mawili ya maji, lita 95 kila moja, yakijaa yanakula 190. Gesi ya mitungi miwili inakula 18. Zinabaki kilo 242 za watu watano kuzunguka Australia kwa miezi 11: nguo, mashuka, viti, zana, madaftari ya shule, baiskeli za watoto na kila kinachoingia tumboni. Jiko tuliligawia 90, na hizo 90 ni pamoja na sufuria, unga, mafuta, vilivyomo ndani ya friji, mpaka sabuni ya vyombo.

Aliyewahi kupanda basi la Dar kwenda Mbeya anaijua mizani ya Vigwaza na anajua sura ya dereva anapoikaribia. Huku ni nadra mtu kukuvizia namna hiyo. Unajipeleka mwenyewe kwenye mizani ya malori, unalipa, unapewa karatasi. Kosa la kuzidisha uzito mara nyingi linakuja kuonekana siku ya ajali, kampuni ya bima inapouliza ulikuwa umebeba kiasi gani.

Nikanunua mzani wa jikoni, na kabla sijagusa kabati hata moja nikafanya kazi ambayo naona ndiyo iliyotuokoa: kwa siku 14 nikaandika tulichokula nyumbani. Ugali mara sita. Wali mara tano, maharage mara tano, chapati mara tatu, samaki, mchicha, mayai, uji kila asubuhi. Si wazo geni: wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji karne ya 19 walipimiwa posho yao kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi. Hawakuanza safari kwa kuuliza chombo gani kizuri dukani. Lakini jiko la karavani za hapa limepangwa kwa mtu anayechoma nyama nje Jumamosi na kupasha chakula cha pakiti Jumapili. Ndani ya hizo siku 14 tanuri sikuliwasha hata mara moja.

Kwa hiyo tanuri likatoka. Fundi gesi mwenye leseni alilifungua, akaziba bomba lake, akapima uvujaji, akatuandikia cheti. Hii si kazi ya kujifanyia. Sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu, mitungi ya gesi na watoto watatu wanaolala mita mbili kutoka kwenye jiko si mahali pa kujifunzia ufundi. Tanuri lilikuwa na kilo 17. Maikrowevu, 13. Baba Watoto akatengeneza droo ya mbao nyepesi ikaingia palipokuwa na tanuri, kilo 5, na humo ndimo unga ulimokaa safari nzima, chini kabisa na karibu na ekseli. Kizito kikikaa juu au nyuma, karavani inatikisa mkia barabarani, na ikianza kutikisa kwenye kilomita 90 kwa saa, gari ndilo linalovutwa. Makabati ya juu tukayaachia sahani za melamini, majani ya chai na biskuti.

Zile kilo 25 tulizozipata zikaenda zote kwenye betri mpya ya lithiamu ya ampea-saa 200. Hapo ndipo watu wanapotuuliza: kwa nini basi msipike kwa umeme, na jua lote hili la Australia? Hesabu yake ni fupi. Betri hiyo ikijaa ina uniti mbili na nusu, uniti zilezile za LUKU. Mtungi mmoja wa gesi wa kilo 9 una kama uniti 115. Plate ya umeme ya wati 1,800 ingevuta ampea 150 kutoka kwenye betri ya volti 12, na sufuria moja ya maharage ya saa moja na nusu ingeimaliza betri, friji ikabaki inatazama. Birika la umeme kwa dakika tano, sawa, jua likiwa kali. Kitu cha kuchemka muda mrefu ni cha gesi.

Au cha bila moto. Kuna sufuria ya kuta mbili isiyopitisha joto, inafanya kazi kama chupa ya chai, ila ina mdomo mpana na sufuria nyingine ndani. Mama yangu alipoiona kwenye simu hakushangaa: ni lile kapu la kupikia bila moto, lililojazwa vitambaa, ambalo akina mama walifundishwa kulitengeneza ili kubana kuni. Maharage yanalala kwenye maji usiku. Asubuhi yanamwagwa maji, yanawekwa mapya, yanachemka kwa nguvu robo saa, kisha sufuria ya ndani inatumbukizwa kwenye ile ya nje na kufungwa. Hiyo robo saa haipunguzwi. Maharage mekundu yana sumu inayokufa kwa kuchemka sawasawa angalau dakika kumi. Ukiyaacha kwenye joto la wastani tu, utayaona yamelainika na yatawatapisha wote. Chombo tunakiketisha ndani ya sinki, kimezungushiwa taulo, tunaendesha. Baada ya saa sita nilipima: nyuzi 74, maharage yameiva. Sufuria ya presha, kilo 3.4, ikabaki Perth.

Friji ndiyo iliyotutesa. Zamani karavani zilikuwa na friji zinazotumia gesi, zile zinazotokana na ubunifu wa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Hazina mota, hazipigi kelele, lakini zinataka kukaa sawa kabisa na kwenye joto la nyuzi 40 zinachoka. Yetu ni ya kompresa, ya volti 12, na katika safari za majaribio ilikuwa inajizima usiku. Asubuhi maziwa vuguvugu. Muuzaji, ambaye simtaji, alisema tatizo ni betri. Tukabadilisha betri, ikajizima vilevile.

Jioni moja nikachukua mita nikapima mwenyewe, friji ikiwa inanguruma. Kwenye vichwa vya betri: volti 12.6. Nyuma ya friji: 11.5. Volti nzima na pointi yake imepotelea njiani, ndani ya waya, na kila kompresa inapotaka kuanza, inavuta zaidi, volti inashuka zaidi, friji inajilinda na kuzima. Nikautoa waya ukutani. Umeandikwa milimita 4, na ukiusoma unaona unatosha. Lakini waya wa magari hapa hupimwa pamoja na ganda lake la plastiki. Shaba yenyewe ndani ilikuwa milimita za mraba 1.84. Kwenye nyumba ya volti 240 kupotea volti moja hakuna atakayejua. Kwenye volti 12 umeibiwa sehemu moja kati ya kumi na mbili. Tukaweka waya wa milimita za mraba 13.5, mnene kama kidole cha mtoto, na viungo vyake vikabanwa kwa mashine. Nyuma ya friji ikasoma 12.4. Haikuzima tena mpaka tunarudi. Waya huo uligharimu chini ya robo ya bei ya betri tuliyoambiwa ni mbovu.

Ugali tuliuhamishia nje. Jiko la ndani lina vyuma vyembamba vya kushikilia sufuria, vimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekoroga supu. Ukisonga ugali wa watu watano kwa mwiko, sufuria inatembea, na siku ya kwanza jiko zima lilinyanyuka upande mmoja. Tena kilo moja ya gesi ikiungua inatoa kama lita 1.6 za maji kwa mvuke, kabla hujahesabu mvuke wa sufuria yenyewe. Ndani ya karavani iliyofungwa usiku wa baridi, maji hayo yanatiririka ukutani na kuingia kwenye magodoro. Tukanunua jiko la plate moja lenye miguu mifupi, likakaa chini, nami nikakaa kwenye kigoda, nimeshika sufuria kwa miguu kama nilivyofundishwa. Ndani tukapika yale ya haraka tu, dirisha wazi, na king'ora cha hewa ya sumu juu ya mlango.

Maji niyapite upesi. Kuosha vyombo kwa mazoea ya nyumbani kulikuwa kunatumia lita 9 kila mlo. Tukaanza kufuta masufuria kwa karatasi kwanza, kisha mabeseni mawili: lita 4.

Kufungasha kunahitaji maneno zaidi, kwa sababu barabara za vumbi za kaskazini zina mawimbi yanayotetemesha gari kama mashine ya kusaga. Baada ya siku moja ya mawimbi hayo nilifungua droo nikakuta sufuria zimepakwa vumbi la kijivu. Lilikuwa alumini: zimekwanguana kutwa nzima, na vumbi hilo ni sufuria zenyewe. Makopo ya soda yanatoboka kwa namna hiyohiyo, kopo likisagana na kopo. Vifuniko vya chupa za viungo vilikuwa vimejifungua vyenyewe, bizari imeenea kwenye soksi. Dawa yake ilikuwa khanga. Nilibeba doti nne kwa matumizi yangu. Nikazikata mbili, kila sufuria ikapata kipande chake, na kopo halikukaa tena uchi karibu na kopo mwenzake. Chupa za viungo zikaingia kwenye soksi, kwa kuwa soksi zilikwishaharibika.

Unga wa ugali Perth unapatikana kwenye maduka ya Waafrika. Ukitoka mjini, unaweza kupata unga wa Waitalia, polenta, ambao ni mahindi lakini chengachenga. Tulibeba kilo 15, umekaa kwanza siku nne kwenye friza ili mayai ya fukusi yafe, na mzigo wa pili rafiki yetu aliutuma posta ukatusubiri Alice Springs.

Mboga na matunda yana serikali yake. Majimbo ya Australia yanajilinda dhidi ya nzi wa matunda. Kutoka Norseman hadi Ceduna ni kama kilomita 1,200 za uwanda wa Nullarbor, vituo vya mafuta vya hapa na pale, duka kubwa hakuna, maji ya kujazia tangi usiyategemee. Mtu mwenye akili anajaza friji kabla ya kuanza. Nikajaza. Ceduna kuna kituo cha ukaguzi: machungwa, nyanya, pilipili hoho, vyote kwenye pipa, kilo kama 3, na binti yangu mdogo akila chungwa la mwisho mbele ya afisa kwa machozi. Tangu hapo kila tulipokaribia mpaka nilipika nyanya zote kuwa rojo. Rojo iliyopikwa ilipita. Nyanya mbichi isingepita. Tuliporudi Australia Magharibi, karibu na Kununurra, tulikuwa tumejipanga vizuri kabisa, isipokuwa asali. Nayo ikabaki mpakani.

Port Augusta tulipima tena kwenye mizani ya malori na kukuta tumezidi kilo 8. Tukafunga boksi la posta: seti ya pili ya masufuria, kibaniko cha mkate, bakuli za vioo nilizopewa harusini, na kitabu cha mapishi ambacho hakuna aliyekifungua.

Mbuzi ya kukunia nazi hatukuwa nayo tangu mwanzo. Ilikuwa na kilo 1.8 na nilipomwambia mama naiacha, aliuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, sasa watoto watakula wali gani huko?" Nikamjibu tui la kopo lipo. Lilikuwepo kweli, mpaka Darwin, tulipokuta nazi sokoni zimejaa mezani, za bei rahisi kuliko kopo. Nilinunua sita, nikazipasua kwa nyundo ya mahema, nikakwangua kwa kijiko mpaka kiganja kikatoa lengelenge. Mama alicheka mpaka simu ikamdondoka. Kesho yake, kwenye duka la Waasia, nikaona kikwangulio cha mkononi, mpini wa mbao na meno ya chuma. Nilirudi kwenye gari kuchukua mzani kabla ya kulipa. Gramu 210.