Kakungulu na Maboma ya Bukedi

Wasomao habari za vita vya Wayunani wa kale aghalabu huvutwa na siku za mapigano makubwa, kama ile ya Gaugamela, mwaka 331 kabla ya Kristo, ambapo Iskandari wa Makedonia alimkimbiza Dario, mfalme wa Uajemi, na baada yake Babeli na Susa zikafungua milango zenyewe. Lakini mkazi wa Mbale, mashariki ya Uganda, atakaye kufahamu mji wake ulivyozaliwa, heri aitazame miaka ya taabu iliyoanza 329 katika nchi ya Sogdia, ng'ambo ya mto Oxus. Kwani huko hapakuwa na taji moja la kunyang'anywa, kila bonde lilikuwa na wakubwa wake, na jemadari yule aliyezoea kukata shauri kwa siku moja alilazimika kuligawa jeshi lake vikosi vikosi, na kuacha walinzi katika ngome kila alikopita.

Tatizo hilo hilo ndilo lililomkabili Semei Kakungulu, mzaliwa wa Kooki, mwindaji wa ndovu aliyepanda hata akawa amiri wa vita wa Buganda. Mwezi wa Aprili 1899 alikuwamo pamoja na Kanali Evatt, Mwingereza, katika msafara uliowakamata Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwanga, aliyekuwa kabaka wa Buganda, huko Lango. Kisha, kwa idhini ya Waingereza isiyokuwa na mipaka dhahiri, akaiendea nchi iliyo mashariki ya ziwa Kyoga, ambayo Waganda waliiita Bukedi. Wateso na Wagwere wa huko hawakuwa na kabaka, yaani mfalme. Ukikishinda kijiji leo, kijiji cha pili hakijioni kuwa kimeshindwa.

Tadbiri yake ilikuwa kuyashika maji kwanza. Maboma ya awali, kama lile la Bululu, yalikaa karibu na ziwa, mahali ambapo mitumbwi iliweza kuleta watu na baruti, au kuwaondoa mambo yakiharibika. Na kutoka hapo akasogea bara, Kumi, Soroti, hata akafika Budaka mwaka 1901. Kila boma lilikuwa na handaki na ua wa miti, wenye bunduki wachache, na mkuu wa Kiganda aliyewaamuru wenyeji kutengeneza barabara na kuleta chakula. Aliingia pia katika ugomvi uliokuwapo, akiwasaidia hawa juu ya jirani zao, hata mwenyeji aliyemwalika kuwa rafiki akajikuta raia. Nami sioni sababu ya kuyapamba hayo: ng'ombe walitekwa, na watu walifanyishwa kazi wasiyoiridhia.

Silaha isiyotajwa sana ni mgomba. Mganda hupenda matoke, na nchi ile ilikula zaidi wimbi na mtama. Jeshi linalotegemea ghala la adui halina budi kuondoka ghala likiisha, lakini mtu akipanda migomba kando ya boma huwa amekwisha kuazimu kukaa. Iskandari alifanya vivyo kwa namna yake, alipowaweka Wayunani na askari waliochoka katika miji mipya ya Sogdia, ukiwamo ule wa Iskandaria ya Mwisho kwenye mto Jaxartes. Lakini wengi wao walikuwa na hamu ya kwao, na baada ya kufa kwake mwaka 323 maelfu walishika njia ya kurudi.

Hapa ndipo mizani inapogeuka. Dola ya Iskandari ilishikamana na nafsi yake, hivyo majemadari wake wakairarua. Mpango wa Kakungulu ulikuwa wa boma, barabara na wakala wa Kiganda, kitu ambacho ofisa yeyote angeweza kukikalia kama alivyokikuta. Waingereza walilitambua hilo upesi. Mwaka 1902 walimwondoa Budaka, yeye aliyetumaini kuwa kabaka wa Bukedi, wakampa maili 20 za mraba huko Mbale, chini ya mlima Wanale. Akapanda migomba tena, akanyoosha barabara, na wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi wakamwandama. Na haukupita muda mrefu serikali nayo ikaihama Budaka, ikaja kukaa pale pale alipokuwa. Mwaka 1906 wakampeleka Jinja, kuwa rais wa baraza la Busoga, kazi aliyoifanya hadi 1913, na mawakala wa Kiganda waliobaki Bukedi wakaendelea kutawala kwa utaratibu ule ule, ila sasa taarifa zao walimpelekea mkuu wa wilaya.