Hesabu ya Viroba Vitupu

Duka likibandika tangazo kwamba asilimia 5 ya mauzo yake inakwenda kwa wenye shida, mteja huona ukarimu. Anayezijua hesabu za duka la Musoma au Bunda, mkoani Mara, huona shimo. Tuchukue duka la rejareja linalouza laki mbili kwa siku, na tuwe wakarimu, tulikadirie faida ya asilimia 8 baada ya pango, umeme na ujira wa kijana wa dukani: ni 16,000. Kwa kuwa mauzo ya mwaka hayafiki shilingi milioni 100, mwenye duka yumo kwenye kodi ya makadirio, ambayo kwa kiwango chake ni takriban asilimia 3.5 ya mauzo, yaani 7,000. Zinabaki 9,000, na ahadi ya ukutani inadai 10,000. Kila jioni anafunga mlango akiwa amepungukiwa buku, na nyumbani hawajala. Wala sheria haimpi nafuu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa uondolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi, mwisho asilimia 2 ya mapato ya biashara, lakini nafuu hiyo ni ya anayetengeneza hesabu kamili. Wa makadirio hutozwa kwenye mauzo, ametoa au hakutoa.

Mtu atasema, basi atoe kwenye faida. Ndivyo dini zilivyofundisha, na Mara ni mkoa wa watu wa dini. Muadventista wa Busegwe hupeleka fungu la kumi kutoka kwenye maongeo yake, si kutoka kwenye kila shilingi iliyopita mezani. Muislamu hutoa zaka ya biashara, asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu na kutimiza mwaka. Hakuna kati yao anayepigiwa hesabu ya mauzo. Lakini ahadi hizo ni kati ya mja na Mola wake, na Mungu haombi risiti. Faida ni siri ya mwenye duka, na anaweza kuipunguza kwa kalamu tu. Akimwahidi mteja sehemu ya faida, amemwahidi kitu ambacho mteja hatakiona kamwe. Ahadi ya hadharani lazima ikae juu ya kitu kinachohesabika na mwenye duka na mteja pia, na kitu hicho ni kipimo kilichouzwa: kiasi maalumu cha shilingi kwa kila kimoja.

Fomula hiyo haikuhitaji kutoka mbali. Wilayani Tarime, kaskazini mwa mkoa huohuo, mgodi wa North Mara unaendeshwa na Barrick, ambayo katika ubia wake wa Twiga inashika asilimia 84 na Serikali 16. Kampuni imeahidi dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa ziende kwenye shule, afya na maji ya jamii jirani. Bei ikiwa dola 2,000 kwa wakia, hiyo ni asilimia 0.3. Dola sita hazikumaliza malalamiko ya vijiji vya Nyamongo, na sisemi mgodi ni mfano wa wema. Ninachokitazama ni ufundi wake: wakia hupimwa, huandikwa na husafirishwa kwa nyaraka, kwa hiyo hakuna wa kubishana kuhusu idadi. Tena kwa bei hiyo mwenye dhahabu amejifunga kwa asilimia 0.3, ilhali muuza sembe anajitwisha 5.

Muuza sembe anacho kipimo tayari. Unga huingia kwa kiroba cha kilo 25 na kutoka kwa kilo na nusu kilo, na kila kinapoisha hubaki kiroba kitupu, kinakunjwa na kuwekwa nyuma ya mlango. Rundo lile ndilo daftari. Shilingi 500 kwa kila kiroba, viroba vitatu kwa siku, ni 1,500, na ile 9,000 inaibeba bila kuyumba. Muuza dagaa wa Mwigobero atahesabu magunia, na mbalamwezi ikitoka, mitumbwi ikalala ufukweni, ahadi yake italala nayo bila aibu. Gesti ya Butiama itahesabu vyumba vilivyolala wageni, na Oktoba 14, watu wanapofika kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, itatoa zaidi.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba mwenye duka atapandisha bei, kisha mteja ndiye atakayekuwa ametoa sadaka huku jina likienda kwa duka. Inawezekana. Lakini duka la pili liko hatua ishirini, na kwenye unga watu hufuata shilingi mia. Mia tano juu ya kiroba ni shilingi 20 kwa kilo. Hakuna anayeongeza ishirini kwenye bei ya kilo, chenji yake haipo. Mwenye duka ataibeba mwenyewe, apende asipende.

Linabaki suala la majira. Bunda ina fedha kuanzia Mei, msimu wa kununua pamba unapofunguliwa. Chukua mpokeaji mmoja: nyumba salama ya Hope for Girls and Women, shirika lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, iliyoko Kiabakari, wilayani Butiama, hujaa Desemba, shule zikifungwa na wasichana wakikimbia kukeketwa. Fedha ya Mei ikipelekwa Mei itakuwa imeliwa. Kwa hiyo ikae kwenye laini yake ya simu, mbali na ya duka, hadi mwisho wa Novemba. Siku 26 kwa mwezi, miezi saba, ni viroba vitupu 546, sawa na shilingi 273,000. Kwa bei ya jumla ya shilingi 39,000, tukiichukulia hivyo, ni viroba saba vilivyojaa, vinavyoingia kwenye pikipiki ya matairi matatu na kuwasili Kiabakari kabla ya wasichana.