Hamira katika Damu: Jinsi Ukali wa Crohn Ulivyopimwa

Damu ya mgonjwa wa Crohn, ugonjwa wa mchochota wa utumbo, mara nyingi hukutwa na kingamwili dhidi ya hamira, hii hii tunayoumulia maandazi. Ripoti ya jambo hilo ilitoka Uingereza mwaka 1988, na kingamwili hizo zikaja kuitwa ASCA. Hamira yenyewe haina hatia. Kinacholengwa ni manani, sukari iliyo kwenye ukuta wa seli yake, na fangasi Candida albicans anayeishi matumboni mwetu anayo inayofanana nayo. Inadhaniwa kwamba utumbo ukishakuwa na mchochota, kinga ya mwili huanza kupigana na wapangaji wa siku zote.

Je, vita hivyo vikizidi, ugonjwa nao huzidi? Mwaka 2004 timu ya hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, ilichapisha jibu baada ya kupima seramu ya wagonjwa 303. Mbali na ASCA, walitafuta kingamwili dhidi ya OmpC, protini ya utando wa nje wa bakteria E. coli, na dhidi ya I2, inayohusishwa na bakteria Pseudomonas fluorescens. Kipimo ni ELISA: kilengwa hugandishwa kwenye vijishimo vya sahani ya plastiki, seramu humiminwa, kisha huongezwa kimeng'enya kinachobadilisha rangi pale kingamwili ziliponasa. Rangi ikikolea, kingamwili ni nyingi.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba hawakutosheka na "ipo" au "haipo". Kwa kila kingamwili waliwagawa wagonjwa katika mafungu manne kulingana na kiwango, wakatoa alama 1 hadi 4, kisha wakazijumlisha. Jumla ilipopanda, matatizo ya utumbo mwembamba nayo yalipanda. Miongoni mwa waliokuwa na kingamwili za aina zote tatu, asilimia 72 walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa utumbo mwembamba. Kwa wasiokuwa na hata moja, asilimia 23.

Tazama neno "walikuwa wamefanyiwa". Kisu kilikuwa kimeshapita. Huenda utumbo ulioharibika ndio uliozalisha kingamwili, wala si kingamwili zilizotabiri uharibifu. Lakini mwaka 2006 watafiti waliwafuatilia watoto 196 wenye Crohn, wakaona kwamba wenye kingamwili walifikia haraka zaidi hatua ya utumbo kuziba au kutoboka.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, ingawa unahusu kuugua wala si ukali, ni wa Israeli, mwaka 2005. Jeshi la huko lilikuwa limehifadhi seramu za askari tangu wakiwa wazima. Kati ya 32 waliokuja kugundulika na Crohn, 10 walikuwa tayari na ASCA, kwa wastani miezi 38 kabla ya kugundulika. Kati ya 95 wa kulinganisha nao, hakuna hata mmoja. Lakini 22 waliougua hawakuwa nayo, kwa hiyo jibu hasi halimwondolei mtu shaka.

Kwetu, ambako kifua kikuu (TB) ni kingi, kuna hatari nyingine. ASCA huonekana pia kwa wenye TB ya utumbo, na dawa za kushusha kinga anazopewa mgonjwa wa Crohn zinaweza kuiamsha TB. Daktari, jibu likija chanya, itafute TB kwanza.