Askari wa Risasi

Neno risasi lina kazi mbili katika Kiswahili. Ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yayeyukayo upesi motoni. Na ni kile kipande kitokacho mtutuni kikamwangusha mtu. Ni vigumu kupata kitabu ambamo maana hizo mbili zimekaa pamoja, kwa mzaha na kwa uzito, kama Little Wars, alichokichapisha H. G. Wells mjini London mwaka 1913. Askari wa kitabu hicho wameundwa kwa risasi, wala hawana risasi ya kuwadhuru ila kipande cha mti cha urefu wa kama inchi moja, kinachorushwa na mzinga mdogo wa springi.

Wells alikwisha kujulikana kwa The Time Machine ya 1895 na The War of the Worlds ya 1898. Kitabu hiki, hata hivyo, si riwaya. Ni mwongozo wa mchezo, nusu yake utani, nusu yake falsafa. Asili yake, kama asimuliavyo mwenyewe, ni mgeni mmoja ambaye baada ya chakula cha mchana aliushika mzinga wa kuchezea, akamlenga askari, akampata, kisha akawachokoza wenziwe nao wajaribu. Kwa shabaha hiyo moja ikazaliwa nchi nzima juu ya sakafu, yenye nyumba za vipande vya mbao na miti ya vijiti. Kanuni zake ni chache na zina akili. Askari wa miguu huenda futi moja kwa zamu, mpanda farasi futi mbili. Mzinga usio na watu wanne karibu yake haupigi wala hauhami. Na zamu hupimwa kwa saa, ili kamanda asije akafikiri mpaka usiku.

Mchezo huu usingewezekana bila uvumbuzi wa karakana. Mwaka 1893 William Britain, mwana wa mwanzilishi wa kampuni ya vichezeo ya London, aligundua namna ya kusubu askari mwenye uwazi ndani. Risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu. Ile ya pembeni ilipoganda, ya kati ilimwagwa nje upesi, likabaki ganda. Askari akawa mwepesi, na bei yake ikashuka ikawashinda Wajerumani waliokuwa wameshika soko. Ndipo sebule ya mtu wa kawaida ilipoweza kuweka jeshi.

Hoja kuu ya Wells imewekwa mwishoni. Anasema kwamba mtu akivicheza vita hivi mara tatu au nne atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la vurugu na kubahatisha; tena kwamba maafisa halisi wa jeshi aliocheza nao, wakubwa kwa wadogo, walitatizwa na hata kanuni za mwanzo. Basi apendekeza wafalme wapenda majigambo na wachochezi wa hofu wakusanywe katika hekalu moja kubwa la vita, wapewe miji midogo ya kubomoa na askari wasio na idadi, waachwe humo wapigane, na watu wengine waishi maisha yao. Kurasa hizo ndizo bora kabisa katika kitabu. Kejeli yake haimgusi mnyonge. Yamlenga mwenye kutoa amri.

Mwaka mmoja baadaye Ulaya iliwaka moto, na Wells huyohuyo akatoa The War That Will End War, akiviunga mkono vita dhidi ya Ujerumani kwa matumaini kwamba vingekuwa vya mwisho. Wako wanaokicheka kitabu cha 1913 kwa sababu hiyo. Si haki, kitabu hakishitakiwi kwa kalenda. Kasoro yake imo ndani, na mfasiri huikuta mapema, tangu kwenye jalada.

Little Wars kwa Kiswahili ni Vita Vidogo. Lakini kipo kitabu kingine, Small Wars, cha afisa wa Kiingereza C. E. Callwell, kilichotoka mwaka 1896, nacho kwa Kiswahili ni Vita Vidogo vilevile. Kiingereza kina maneno mawili ya udogo, kikaweza kuutenga mchezo wa sebuleni na mapigano ya makoloni. Kiswahili huyatia yote mawili katika chungu kimoja. Callwell mwenyewe alieleza kwamba udogo aliokusudia hauhusiani na ukubwa wa vita. Alikusudia vita ambavyo jeshi rasmi hupigana na watu wasio na jeshi la namna hiyo. Kwa maneno mengine, udogo ni wa hadhi aliyopewa adui.

Mwaka huohuo wa 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Kiingereza zililipiga kasri la Unguja. Vita vile havikutimiza saa moja, muda ambao wachezaji wa Wells huwa hawajakaribia kumaliza pambano lao. Upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa 500. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja. Mbele ya hesabu hiyo, ufinyu wa Kiswahili katika kutaja udogo wageuka kuwa ushahidi. Wells aliviona vita vya aina mbili, vikubwa vya Ulaya na vidogo vya sakafuni, akaviweka kimoja kiwe dawa ya kingine. Vile vya tatu, vilivyokuwa vikipiganwa wakati huo katika Afrika na Asia, havikuingia katika hoja yake.

Havikuingia katika hoja, lakini vilikuwamo katika sanduku. Katika Floor Games, kitabu chake cha 1911 juu ya michezo ya sakafuni, Wells alalamika kwamba maduka yamejaa askari na raia ni adimu, hata muuza duka wa mji wa kubuni hana budi kuvaa mapambo ya kijeshi mabegani. Ni lalamiko zuri la mtu apendaye amani. Humo humo, hata hivyo, wamo Wazulu wa risasi, nao wametengewa kanuni zao mahsusi. Jambo hilo latajwa kwa kupita tu, kana kwamba halihitaji maelezo. Sakafu ya usawa, ambayo askari wote huenda futi moja, kumbe ina wageni wasiohesabiwa sawa.

Mchezo huu una kazi nyingine ambayo Wells hakuijali sana, nayo ni kupaka rangi. Askari wake walitoka dukani wamekwisha kupakwa. Baada ya Donald Featherstone kutoa War Games mwaka 1962, na jumuiya za watu wazima kustawi, ikawa ada kwa mchezaji kununua sanamu tupu na kuipaka mwenyewe. Nyingi siku hizi zina kimo cha milimita 28, za madini au plastiki. Mpakaji hukwangua kwa kisu mshono ulioachwa na kalibu, huweka rangi ya msingi, kisha humimina rangi iliyozimuliwa kwa maji ikajikusanya kwenye mikunjo ya nguo na kuwa kivuli. Mwisho hupitisha brashi karibu kavu juu ya miinuko ili ipate mwanga. Jicho hupewa nukta moja. Jeshi dogo laweza kumeza miezi.

Tofauti ya kazi hizi mbili ni kubwa. Mkono usogezao askari huhesabu; mkono umpakao hauna budi kumtazama mmoja mmoja. Mchongaji wa Kiingereza Mark Copplestone ametengeneza mfululizo uitwao Darkest Africa, wenye askari, wapagazi na rugaruga. Jina lenyewe lamkumbusha mtu kitabu cha Stanley cha 1890, wala halipendezi. Hata hivyo, mpakaji makini wa askari wa Afrika Mashariki hutafuta picha za zamani, akajua rangi ya kaki, ya mkanda wa ngozi na ya kitambaa kilichofunika shingo. Huenda akayajua hayo kuliko mjukuu wa askari huyo. Jambo asilolijua ni jina lake.

Ujinga huo haukuanzia mezani. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi. Dar es Salaam ina Kariakoo, mtaa uliobeba jina la kikosi chao, bila ya jina la mpagazi hata mmoja. Katika mchezo wa Wells, kabla ya kufikia nyongeza za mwishoni, abebaye mzigo bila ya kupiga risasi hana nafasi.

Kwamba jina laweza kumhuisha askari wa kuchezea, fasihi ya Kiingereza yenyewe ni shahidi. Mwaka 1826, huko Haworth, mchungaji Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mti. Dada zake wakachagua kila mmoja wake na kumpa jina. Charlotte akamwita wake Wellington, Branwell akamwita wake Bonaparte. Aliyepata jina akapata tabia, na tabia ikazaa kisa. Visa hivyo, vilivyoandikwa katika vijitabu vya herufi ndogo mno, vikawa chuo cha waandishi wa Jane Eyre na Wuthering Heights. Nchi yao ya kubuni waliiweka pwani ya Afrika Magharibi, na Waashanti wakafanywa maadui. Majina mazuri yaligawiwa upande mmoja tu.

Pamoja na hayo yote, Little Wars yastahili kufasiriwa. Ni kifupi, chachekesha, na dharau yake kwa majemadari haijachakaa. Mfasiri asijitaabishe kutafuta neno la tatu la kuutofautisha udogo wake na ule wa Callwell. Aandike jaladani Vita Vidogo, asitie maelezo. Msomaji wa Unguja atajua mwenyewe kuuliza ni vipi.